Chai ya Mzee, Kofi la Kijana

Mtu wa kambi hii ya polisi akikuambia kwamba tamthilia ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, usibishane naye. Muulize kama ana mtoto. Kama anaye, muulize mtoto huyo anakaa vipi baba yake akiingia ndani.

Mimi ninaye. Ni msichana wa miaka sita, mwepesi wa ulimi kama bibi zake wa Kinubi. Baba yake ni polisi, na tunakaa kwenye zile nyumba za mabati za duara ambazo ukikohoa, jirani anakuambia pole. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haina pa kutua, maana kila ninayemshika ananionyesha mwingine.

Tuanze na ile ya kwanza. Sisi tuliiita ya Mzee. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na hakuna aliyekuwa na haja nalo. Ilikuwa habari ya mpelelezi mmoja mwenye kikohozi, koti limechakaa kwenye viwiko. Mtu ameuawa, washukiwa wanaletwa, na Mzee kabla hajauliza lolote anasukuma kikombe cha chai kivuke meza. Kila sehemu lazima kikombe kile kivuke meza. Tulikingojea kuliko tulivyomngojea muuaji. Nyuma yake kulikuwa na msaidizi, kijana wa miwani ya jua, kazi yake kuvunja milango kwa teke na kumkamata asiyehusika. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mzee alikuwa anamtazama tu, anakohoa, anamtuma akatafute fundi wa mlango.

Tuliitazama kwa kinyozi. Kibanda chake kiko nje ya uzio wa kambi, pembeni ya wauza roleksi, zile chapati za mayai, upande wa barabara inayoteremka kwenda Port Bell, ziwani. Jumamosi mchana anasogeza kiti cha kunyolea ukutani, anapanga mabenchi, anachomeka flashi kwenye tivii, anapunguza sauti ya filamu halafu anashika maikrofoni. Kampala nzima filamu zinatafsiriwa kwa Luganda, na wanaozitafsiri ni watu mashuhuri wenye sauti za kutetemesha mabati. Lakini kambini kuna Mlugbara, kuna Mteso, kuna Mkiga, kuna Muganda, na lugha yetu sote ni hii ya paredi. Kwa hiyo kinyozi wetu, Mkongo wa upande wa mashariki, alitutafsiria kwa Kiswahili. Alikuwa Mzee, alikuwa Kijana, alikuwa mjane wa marehemu kwa sauti nyembamba. Katikati ya mazishi aliweza kusema huyu padri kichwa chake kinataka mashine, aje kwangu Jumatatu. Hakuna aliyekasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu.

Na Mzee, akishasukuma kikombe, kwa sauti ya kinyozi aliyoishusha chini kabisa, alikuwa anasema, "Kunywa kwanza, mwanangu. Njaa haijibu maswali."

Maneno hayo yaliingia kambini yakakaa. Wanawake tuliambizana bombani. Mimi nilimwambia binti yangu akirudi shuleni na sare iliyochanika. Siku moja nilimpelekea mume wangu chakula kituoni, nikamkuta amesimama na kijana mwenye pingu, amemshikia chapati ili ale, kwa sababu mikono ya kijana ilikuwa imefungwa. Mume wangu aliona haya kuonwa. Akaniambia, kama mtu anayejitetea, "Njaa haijibu maswali." Nilirudi nyumbani nimempenda upya. Nasema hivi ili mjue ninachokilinganisha na nini.

Halafu ikaja ya pili, ya Kijana.

Walioitengeneza walifanya hivi: walimchukua yule kichekesho, wakamstaafisha Mzee kwenye tukio moja tu, hata koti lake hawakulionyesha vizuri, wakampa Kijana mji wenye maghorofa ya vioo na pikipiki kubwa. Miwani ileile, teke lilelile. Tofauti ni kwamba sasa akivunja mlango, muuaji yuko nyuma yake kweli. Ndicho walichobadilisha, wakaweka muuaji nyuma ya mlango, basi, mjinga akageuka shujaa. Kikombe hakipo. Anazunguka nyuma ya mshukiwa kimya, anapiga meza, halafu anampiga mtu mwenyewe, na mtu anakubali. Na kila anayekubali ndiye aliyefanya. Sijaona hata mmoja aliyepigwa akakubali halafu ikaonekana siye. Hapo ndipo uongo wa tamthilia ile ulipo, na ni uongo ambao mtu anaweza kuuvaa akaenda nao kazini.

Wanaume wa kambi waliipenda kama mshahara. Vijana walionunua miwani ya barabarani walikuwa wengi hata mwuzaji akahamia langoni kwetu. Mume wangu naye akanunua. Akaanza kuongea na mtu akiwa nyuma yake. Chumvi ikiisha ananizunguka: iliisha lini, nani alikuwa jikoni, kwa nini unapepesa macho. Nikawa nacheka. Nikamwambia, afande, chumvi imekufa kifo cha kawaida. Yeye hakucheka.

Jumapili moja beji ya bereti yake ikapotea, na Jumatatu ina paredi. Beji si kitu cha kuchezea. Ukisimama mstarini bila beji utakata majani ya kambi mbele ya watoto wako. Tulitafuta wote, nikaenda bombani na madumu. Niliporudi nilimkuta binti yangu amekalishwa kwenye kigoda katikati ya nyumba, na baba yake anazunguka nyuma yake na miwani ya jua machoni, ndani ya nyumba yenye dirisha moja. Akalipiga dumu tupu kwa kiganja, likalia kama bunduki. Mtoto akaruka.

Nikasema, "Baba yake, huyo ni mtoto."

"Niache nifanye kazi."

Akauliza tena. Mtoto akakubali. Alisema ndiyo, ni yeye, aliichukua baba akiwa amelala kwa sababu inang'aa, akaenda nayo chooni, ikamponyoka, ikaanguka ndani, akasikia tubwi. Mume wangu akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, na ndicho kitu ambacho bado sijakisamehe, lile tabasamu. "Umesikia?" akasema. "Hata mlio ameutaja." Halafu akavua mkanda akampiga viganja.

Mabati hayatunzi siri. Kabla jua halijazama watoto kwenye foleni ya maji walikuwa wanamwita mwizi wa beji. Jirani akanishauri nimfunge hirizi au nimpeleke kanisani, nichague. Binti yangu akaacha kwenda bombani na mimi. Akawa anaficha mikono nyuma mtu mzima akiongea naye, yeyote, hata mwalimu wake.

Mume wangu aliazima beji ya mwenzake aliyekuwa likizo. Katikati ya wiki nilikaa kupiga buti zake brashi. Ndani ya kopo la brashi, chini kabisa, kulikuwa na kile kitambaa cha kung'arishia shaba, kimekunjwa vizuri. Nikakikunjua. Beji ikanitazama. Aliing'arisha mwenyewe, akaifunga mwenyewe isichafuke, akasahau mwenyewe.

Nilisonga posho, ule ugali wetu, nikampakulia, nikaisimika beji juu ya posho kama nyama. Akaiangalia. Akaitoa, akaipangusa kwenye suruali, akasema basi, imepatikana.

"Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Huyu mwizi wako."

Akasema baba haombi msamaha kwa mtoto, kesho atamkalia kichwani. Akasema isitoshe alikubali mwenyewe, nani alimtuma aseme uongo. Yaani mtoto aliyeamka asubuhi ile akiwa mwizi sasa amekuwa mwongo pia, na baba bado ni msafi na beji yake inang'aa. Nilitaka kitu kimoja tu tangu siku hiyo: amwambie mtoto kwa mdomo wake kwamba si yeye, na aseme mahali ambapo watoto wa bombani watasikia. Sikuhitaji zawadi wala soda. Niliomba kwa upole, nikaomba kwa kelele, nikamnyima maneno mpaka akawa anasalimia ukuta.

Wakati namwogesha mtoto nilimuuliza kwa nini alisema ameitupa chooni na hakuitupa. Akainua mabega, sabuni machoni.

"Wale wa kwenye tivii wakisema ndiyo, inaisha."

Nilimvisha nguo nikamfuata baba yake nje, nikamwambia ni hicho kitamthilia chake, nikamwambia Mzee asingefanya hivi hata siku moja. Na hapo mume wangu alicheka. Aliniambia, "Mzee wako ni kinyozi. Mimi nimefika senior six, Kiingereza nakisikia. Mzee hajawahi kumwita mtu mwanangu."

Sikumwamini. Nilikwenda kwa msichana wa jirani anayesoma ualimu chuoni Kyambogo, ana kompyuta ya kubeba na hiyo tamthilia yote imo. Tulikaa kitandani kwake, kila mtu sikio moja la hedifoni. Mimi niliishia senior four, lakini Kiingereza cha mtu anayeongea polepole nakipata. Tukatafuta sehemu niliyoipenda kupita zote, ya kijana aliyeshukiwa kumuua mwenye duka, ambaye akipewa chai anaanza kulia, na sisi kibandani tulilia naye. Kikombe kikavuka meza. Mzee akakohoa. Halafu akasema, kwa sauti baridi kama sakafu, anywe tu, kwa sababu mama yake ameshawaambia kila kitu na hatakuja kumchukua. Na mama hakuwa amesema kitu. Ulikuwa mtego. Kijana akaanza kulia, machozi yaleyale niliyoyajua, lakini sasa niliona yanatoka wapi.

Nilihisi kama mtu aliyekaa matangani siku tatu halafu akaambiwa marehemu si ndugu yake.

Basi ya kwanza na ya pili zilikuwa mama mmoja baba mmoja. Mmoja anapiga kwa mkono, mwenzake anapiga kwa kikombe. Na wema niliougawa bombani, nikamlisha nao mtoto, ulikuwa wa mtu anayenyoa vichwa.

Nikaenda kwake. Alikuwa katikati ya kichwa cha sajini mmoja, upande umekwisha na upande bado. Akaniambia nikae kwanza. Nikamwambia sikuja kukaa, nimekuja kumwambia yeye ni mwongo, Mzee hakusema hata neno moja kati ya yale. Akazima mashine.

"Kingereza yangu ni kidogo, shemeji," akasema. "Mi nilikuwa naangalia tu macho ya batu."

"Na maneno uliyatoa wapi?"

Akapangusa mashine kwa muda. Akanieleza kwamba walipokimbia vita, mpakani aliwekwa kwenye chumba na mtu wa sare aliyekuwa na maswali mengi, na huyo mtu kabla ya kuuliza alisukuma kikombe cha uji mezani. Nikauliza kama ndiye aliyesema habari ya njaa na maswali. Akasema hapana, hakusema kitu, alisukuma tu. Maneno kinyozi alimtilia mwenyewe baadaye, miaka mingi, kidogo kidogo. Alipomwona Mzee na kikombe chake akadhani ni mtu yule.

Hasira yangu ikakosa miguu kwa dakika moja. Halafu ikasimama tena. Nikamwambia kama ndivyo, basi na huyu Kijana amtilie maneno. Ampe hata moja la maana.

"Mdomo naweza kuutafsiri, shemeji. Mzee alikuwa anakohoa, ananyamaza, mi napata nafasi naingia. Huyu hana nafasi. Mkono unautafsiri namna gani?"

"Kofi ni kofi," akasema sajini wa nusu kichwa. "Malizia hapa, nina zamu."

Nikawasimulia wote wawili habari ya beji. Dumu, mkanda, kopo la brashi, na alichoniambia mtoto na sabuni machoni. Sajini akatazama kioo. Kinyozi aliwasha mashine, akaendelea na kichwa.

Jumamosi nilikwenda na binti yangu. Nilikaa nyuma, nikampakata, mikono yake ikiwa ndani ya leso niliyojifunga. Baba yake alikuwa benchi la mbele na wenzake. Ikafika pale Kijana anapozunguka, anapiga meza, halafu anamzaba mtu wa kwenye kiti, na yule mtu anakubali. Siku zote hapo kinyozi alikuwa analia kwa sauti ya mbuzi, "Nimekubali, bosi, nimekubali," na kibanda kizima kinaanguka kwa kicheko. Siku hiyo watu walianza kucheka kabla, kwa mazoea.

Kinyozi akashusha sauti. Ilikuwa sauti ya zamani ya Mzee, lakini aliitia kinywani mwa aliyepigwa.

"Ndiyo, bosi. Ni mimi. Nimeona unavyotaka niseme ndiyo, na mimi nataka iishe. Sasa nisaidie. Nimefanya nini?"

Kicheko kimoja kikatoka, kikakosa wenzake. Binti yangu akainua uso wake kwangu. Akasema, si kwa nguvu, lakini kibanda cha mabati ni kibanda cha mabati, "Mama, huyo anaongea kama mimi."

Nilikuwa naiangalia shingo ya mume wangu. Haikugeuka. Lakini alivua miwani, akaishika magotini kwa mikono miwili kama kitu cha mtu mwingine.

Afisa mmoja wa mbele akamwambia kinyozi atafsiri filamu, asilete mambo yake. Kinyozi akajibu, "Natafsiri, afande," na kofi lililofuata akamsemea tena aliyepigwa. Na lililofuata. Huyo Kijana, kinyozi hakumpa hata neno moja, akamwacha atembeze mdomo bubu mpaka mwisho, kama samaki wa Port Bell kwenye beseni.

Maafisa walimpa kinyozi adhabu yake. Sasa ya Kijana inatazamwa kwa sauti yake yenyewe, na kazi ya kinyozi ni kubonyeza na kukaa nje. Kibanda kimeegemea uzio wao, angesemaje. Nusu ya watu hawaelewi kinachosemwa, na wanasema ni nzuri zaidi hivyo, maana makofi hayahitaji lugha. Hilo nalo linaniwasha.

Lakini jioni ya Jumamosi ile mume wangu alirudi kabla ya posho kuiva. Aliuacha mlango wazi; mpaka leo sijui kama alisahau au alikusudia. Nje foleni ya maji ilikuwa imefika karibu na kizingiti chetu, watoto na madumu yao. Akachukua kigoda, akakiweka katikati ya nyumba, akakikalia yeye. Ni kigoda cha mtoto. Magoti yake yalifika kidevuni. Akamwita binti yangu, naye akaja mpaka nusu ya njia, mikono nyuma.

"Niulize," baba yake akamwambia.

Mtoto akaniangalia. Sikutikisa kichwa, sikukunja uso. Nilitaka afanye anavyotaka yeye.

"Nani alichukua beji?" akauliza.

"Mimi."

"Uliitupa chooni?"

"Hapana. Niliifunga kwenye kitambaa cha kung'arishia, nikasahau." Alisema kwa sauti ya paredi. Huko nje dumu moja lilianguka na hakuna aliyeliokota upesi. "Wewe hukuichukua."

Binti yangu akazunguka kigoda taratibu, akasimama nyuma ya baba yake, kama alivyofundishwa. Nilimwona baba yake akikaza mabega. Mtoto hakupiga kitu. Alisimama pale akifikiri, halafu akarudi mbele, akamtazama usoni, akauliza lililobaki.

"Sasa mbona ulinipiga?"

Mume wangu akafungua mdomo. Ulicheza, haukutoa kitu. Akageuza macho kwangu, vilevile kama sote kwenye mabenchi tulivyozoea kumgeukia kinyozi midomo ya Wazungu ilipocheza bila sauti.

Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sikumtafsiria.